Sijui Bahari

Wimbi la kwanza lilinipindua kabla sijalala vizuri juu ya ubao. La pili lilininyang'anya ubao wenyewe. La tatu sikuliona kabisa. Nilichokiona ni mchanga, povu, na mguu wangu mwenyewe mahali ambapo mguu haupaswi kuwa. Kijana aliyekuwa ananifundisha alisimama maji yakimfika kifuani, akasubiri nimalize kukohoa.

"Dada, unapigana nayo," akasema. "Maji hayapigwi."

Ilikuwa Julai, upepo wa kusi unavuma, kwenye ufukwe mmoja kusini mwa Kigamboni. Rafiki yangu, mzaliwa wa Pangani, alinileta pale baada ya kunisikia nikisema kwa mara ya kumi kwamba sisi watu wa Shinyanga na maji ni mbalimbali. Alichoka na sentensi hiyo. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemlazimisha tuzunguke kwa daladala kupitia daraja, ili nisipande kivuko cha Magogoni, ambacho safari yake ni ya dakika chache tu. Hakuniuliza sababu. Alinikabidhi kwa yule kijana, akaenda kukaa kivulini na muhogo wa kukaanga.

Kupanda mawimbi ni jambo rahisi kulieleza. Unalala kifudifudi juu ya ubao, kifua mbele kidogo tu ili pua ya ubao isizame. Unasubiri. Wimbi likikaribia unageukia ufukweni na kupiga maji kwa mikono mpaka uhisi ubao unasukumwa na nguvu isiyo yako. Hapo ndipo unaweka viganja chini ya mbavu, unajiinua, unaingiza miguu chini ya mwili kwa mkupuo mmoja na kusimama, magoti yamekunjwa, macho mbele. Ukitazama miguu yako unaanguka. Wimbi lenyewe linavunjika kwa sababu linapoingia maji ya kina kifupi sehemu yake ya chini inapunguzwa mwendo na sakafu ya bahari, huku ya juu ikiendelea kukimbia. Kichwa kinaipita miguu. Yule kijana alinieleza yote haya kwa dakika mbili akichora mchangani. Mimi nilitumia asubuhi nzima nikithibitisha kwamba kueleza na kuweza ni vitu viwili.

Kilichonizuia hakikuwa misuli. Kila nilipohisi ubao unasukumwa, nilishikilia kingo zake kwa nguvu zote na kufumba macho. Nilikuwa na miaka 26, nasoma shahada ya pili ya historia, na mwili wangu ulikuwa unajua kitu ambacho mimi sikukijua.

Tulipopumzika, kijana aliniuliza ninatoka wapi. Nilipomwambia, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Kule bara hamna bahari," akasema, kana kwamba ananisamehe.

Nilirudi chuoni na michubuko miwili na swali moja. Nilizoea kulijibu kwa jiografia: Shinyanga ni kame, basi. Lakini mwanafunzi wa historia akisikia "basi" anapaswa kushtuka.

*

Nianze na safari moja. Tarehe 17 Novemba 1874, msafara wa Henry Morton Stanley uliondoka Bagamoyo kwenda bara. Kati ya mizigo yake ilikuwamo mashua iitwayo Lady Alice, yenye urefu wa kama mita 12, iliyotengenezwa Uingereza kwa namna ambayo ingeweza kukatwa vipande na kuunganishwa tena. Vipande hivyo vilibebwa na watu. Vilipita Ugogo, vikapita nyika, vikapita Usiha, nchi ambayo leo iko mkoani Shinyanga, mpaka tarehe 27 Februari 1875 msafara ulipofika Kageye, kando ya ziwa, katika mkoa wa leo wa Mwanza.

Nimekaa muda mrefu na picha hiyo kichwani: mashua ikipita mbugani, juu ya mabega, mahali ambapo bibi zangu wa upande wa baba walikuwa wakilima mtama. Kama mtu yeyote aliyesimama kando ya njia alijiuliza ile ni nini, swali lake halikuandikwa na yeyote.

Ila tusidhani kwamba watu wa nchi ile hawakuijua bahari. Wanyamwezi na majirani zao wa kaskazini, ambao kwa lugha ya Kinyamwezi waliitwa "Wasukuma", yaani watu wa kaskazini, walikuwa wapagazi wa njia ndefu. Katika karne ya 19 maelfu kwa maelfu walishuka pwani na pembe za ndovu na kupanda tena na nguo, shanga na waya. Kufika pwani ilikuwa sehemu ya kuwa mwanaume. Kijana ambaye hajawahi kwenda alichekwa. Kwa hiyo babu wa babu yangu huenda aliiona Bahari ya Hindi miaka 150 kabla yangu, kwa miguu, akiwa na mzigo begani. Sentensi yangu kwamba sisi na maji ni mbalimbali ilianza kutoboka.

Ikatoboka zaidi niliposoma kilichotokea Kageye. Mashua ilipounganishwa na kuwa tayari kulizunguka ziwa, Stanley aliuliza nani atajitolea kwenda naye. Kwa maelezo yake mwenyewe, palikuwa kimya. Watu walitazamana. Ndipo Manwa Sera, mmoja wa manahodha wa msafara, alipomweleza kwamba akiwaomba kirafiki hakuna atakayekwenda: kila mmoja atasema hajui bahari, ni mjinga wa mambo hayo, ni mwoga. Aamuru tu, na watakwenda. Wakachaguliwa mabaharia wachache, Safeni akiwa mshika usukani, na tarehe 8 Machi 1875 mashua ikasukumwa majini.

Niliirudia habari hiyo mara tatu kwa sababu ya jambo moja. Watu wale wa msafara hawakuwa watoto wa mbuga. Wengi wao waliajiriwa Unguja. Walikuwa watu wa pwani, waliozaliwa au kukulia wakisikia mawimbi usiku, na ndio waliotarajiwa kusema, "Sijui bahari."

Sidhani walikuwa wanadanganya, wala sidhani walikuwa wanasema kweli kwa maana ya kawaida. Walikuwa wanakataa. Mtu asiye na uwezo wa kumwambia bwana wake "sitaki kufa kwa ajili ya ramani yako" anasema "sijui". Ni jibu ambalo halimwudhi mkubwa, na linamwacha msemaji nchi kavu.

Na waliposhurutishwa, ikaonekana walijua. Mwishoni mwa Aprili, kwenye kisiwa cha Bumbire, wenyeji waliwanyang'anya makasia yote. Mabaharia walisukuma mashua majini, waking'oa mbao za sakafu na viti, wakapiga maji kwa mbao mpaka wakatoka hatarini. Mwanzoni mwa Mei walirudi Kageye wakiwa hai. Kisa hiki kina mwisho mbaya: Agosti mwaka huohuo Stanley alirudi Bumbire na bunduki, akaua watu kwa makumi, na hata Ulaya wapo waliomlaani. Ukiijua sehemu hiyo unaelewa kwa nini kimya cha Kageye kilikuwa na busara ndani yake. Lakini picha ninayobaki nayo ni ile ya watu waliosema hawajui, wameinama, kila mmoja na kipande cha ubao mkononi, wakiyasukuma maji nyuma.

*

Kuna watu wanaoamini kwamba kupanda mawimbi ni mchezo wa Wazungu wenye nywele zilizochomwa na jua. Mizizi yake mashuhuri iko Polynesia, hasa Hawaii, ambako watawala na watu wa kawaida walipanda mawimbi karne nyingi kabla ya meli za James Cook kufika. Mwogeleaji wa huko, Duke Kahanamoku, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 1912, ndiye aliyeueneza mchezo huo hadi Australia.

Lakini kuna kumbukumbu nyingine, na ni za kwetu. Miaka ya 1640 Mjerumani Michael Hemmersam, aliyekuwa Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo, aliandika kwamba wazazi huwafunga watoto wao kwenye mbao na kuwatia majini wajifunze. Miaka ya 1830 Mwingereza James Alexander aliwaona wavulana wa Accra wakiogelea kwenda mbali na mbao nyepesi chini ya matumbo yao, wakisubiri wimbi, kisha wakirudi nalo ufukweni. Mwaka 1966 ilitoka filamu ya Kimarekani, The Endless Summer, ambamo vijana wawili wanazunguka dunia wakitafuta mawimbi, wakipitia Senegal, Ghana na Nigeria kana kwamba mbao hazijawahi kufika huko. Zilikuwepo. Aliyeshika kamera hakujua pa kuuliza.

Nilipoyasoma haya nilicheka peke yangu maktaba, kwa sababu Pwani ya Dhahabu na ukanda wetu wa dhahabu vimewahi kukutana kwa njia nyingine. Geita ilichimbwa na wakoloni kuanzia 1936, mgodi ukafungwa 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulipofunguliwa mwaka 2000, kampuni ya Ashanti ya Ghana ilikuwa miongoni mwa walioujenga. Kutoka Ghana tulipata utaalamu wa kuchimba. Mbao hazikuja.

*

Sasa maji yenyewe. Nilikulia Shinyanga mjini, na utoto wangu una sauti ya madumu ya njano yakigongana. Maji tuliyoyajua yalikuwa ya aina mbili: ya kununua na ya lambo. Malambo mengi ya Usukuma yalichimbwa na kuongezwa chini ya Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulioanza 1947, ili ng'ombe na watu wapate maji wakati wa kiangazi. Kwa mtoto, lambo lilikuwa mahali pa kukatazwa. Kila mwaka palikuwa na habari ya mtoto wa mtu. Kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, upande wa Kahama na Geita, ilikuwa vilevile: shimo lililoachwa likajaa mvua, na juu linaonekana kama dimbwi la kawaida.

Nilidhani huo ulikuwa ukame tu, mapenzi ya Mungu. Kumbe ulikuwa na karatasi. Tarehe 7 Mei 1929, Uingereza na Misri zilibadilishana barua za makubaliano juu ya Mto Nile. Bila ridhaa ya Misri, isijengwe kazi yoyote kwenye mto, matawi yake au maziwa yanayoulisha, katika nchi zilizo chini ya Uingereza, itakayopunguza maji yanayofika huko chini. Tanganyika ilikuwamo. Mwaka 1962 Nyerere alitangaza kwamba nchi huru haifungwi na mkataba wa namna hiyo. Hata hivyo miongo ikapita. Ujenzi wa bomba la kutoa maji ziwani, kutoka Ihelele wilayani Misungwi hadi Shinyanga na Kahama, ulianza mwaka 2004, Misri ikinung'unika, na mradi ukazinduliwa mwaka 2009.

Nilikuwa darasa la tatu. Mama alifungua bomba, akajaza ndoo, akaitazama. Watu wengine mtaani walipiga vigelegele. Yeye alisema tu, "Maji ya ziwa haya," akaifunika.

*

Nimechelewa kumtaja Mama, kama ambavyo familia yetu huchelewa kutaja mambo.

Mama alizaliwa upande wa Nungwe, wilaya ya Geita, mahali ambapo ziwa liko mwisho wa shamba. Aliolewa Shinyanga. Tulipokwenda kuwasalimu babu na bibi, njia ya kawaida ilikuwa kupitia Mwanza na kuvuka kwa kivuko cha Kigongo na Busisi. Sisi hatukuipita. Tulizunguka Kahama, Kakola, hadi Geita, siku nzima ya vumbi, tukifika wekundu kama matofali. Tukifika, watoto wa wajomba walikimbilia ziwani, sisi tukakaa mkekani. Mama alisema maji yana kichocho, yana mamba. Vyote kweli. Tukiuliza tena, alisema: "Sisi hatujui maji."

Mei 21, 1996, asubuhi, meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Ilitengenezwa kubeba abiria wapatao 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake iliipita idadi hiyo. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Hesabu ya serikali ya waliokufa inakaribia 900, na wako wanaoamini ni zaidi, kwa kuwa asiyeandikwa akipanda haandikwi akizama. Meli haikuenda chini mara moja. Ilielea ikiwa kichwa chini, na waliokuwa nje walisikia walio ndani wakigonga. Likakatwa tundu ili watolewe. Hewa ikatoka, meli ikazama. Wengi wamezikwa Igoma, Mwanza, na taifa liliomboleza siku tatu.

Mjomba wangu, kaka yake Mama, alikuwa anarudi kutoka Bukoba alikokwenda kununua kahawa. Nilizaliwa miaka 3 baadaye. Nyumbani kwetu hakuna picha yake ukutani. Kuna njia ya kupitia Kahama.

Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu, na niliipenda. Niliiandika hata kwenye daftari: mkataba ulituondolea maji, ajali ikatuondolea ujasiri, na tiba yake ni kujifunza. MV Nyerere ilipozama Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ikiua zaidi ya watu 220 karibu kabisa na gati, wengi wetu tulisema jambo hilohilo mitandaoni: Watanzania tujifunze kuogelea. Nilikuwa nimepata sababu ya kihistoria ya kurudi Kigamboni.

Nikarudi. Mara ya nne, maji yakiwa yanajaa, niliacha kushika kingo. Niliweka viganja chini ya mbavu kama nilivyochorewa mchangani, nikajiinua, nikasimama. Nilihesabu baadaye: sekunde tatu, labda nne. Ufukwe ulinijia haraka mno, kisha nikaanguka kwa ubavu, nikaibuka nikicheka kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu. Kijana alipiga makofi juu ya maji. "Umeona? Hukuitazama miguu."

Jioni nikampigia Mama. Nilipanga kumweleza polepole, nianze na Stanley, nipitie 1929. Badala yake nilisema tu: "Mayu, leo nimesimama juu ya wimbi."

Kimya kilikuwa kirefu hadi nikaitazama simu kama imekatika.

"Baharini?"

"Ndiyo, Mama."

"Kuna mtu alikuwa na wewe?"

"Alikuwepo."

Akavuta pumzi. Kisha akasema, kama mtu anayetaja bei ya mchele: "Mimi nilikuwa naogelea. Tangu mdogo. Tulikuwa tunakwenda mpaka kwenye jiwe la mbele na kurudi."

Nilikaa chini. Nilimwuliza mbona alituambia hatujui maji. Hakujibu hilo. Alisema: "Mjomba wako ndiye aliyenifundisha. Hakuna aliyemshinda. Angeweza kufika ng'ambo."

"Sasa mbona..."

"Mwanangu, shida haikuwa kuogelea. Shida ilikuwa mlango. Watu walikuwa wengi, na mlango ulikuwa mmoja."

Hoja yangu yote ikaanguka kwa ubavu. Mjomba hakufa kwa sababu alitoka kwa watu wasiojua maji. Alijua. Alikufa kwa sababu kuna aliyekata tiketi baada ya meli kujaa, na aliyeiona imejaa akairuhusu iondoke. Miaka 22 baadaye, Ukara, ilikuwa hivyohivyo. Tunaposema watu wajifunze kuogelea tunasema kitu kizuri, na mimi nitaendelea kujifunza. Lakini tukiishia hapo tunamgeuzia marehemu swali lililompasa mwenye meli.

Na "sisi hatujui maji" ya Mama haikuwa ujinga. Ilikuwa ni ile ya Kageye. Mtu asiyeweza kumshtaki yeyote, asiyekuwa na orodha yenye jina la kaka yake, anabaki na uwezo mmoja: kukataa kupanda. Miaka karibu 30 alilipia nauli ya njia ndefu ya vumbi kama anayelipa ada ya kumbukumbu. Sisi watoto tukadhani anaogopa.

Juni 19, 2025, daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa, lenye urefu wa kilomita 3, na kivuko kikaachiwa historia. Nikamwuliza Mama kama sasa tutapitia Mwanza tukienda Nungwe. Akasema ataona. Halafu, simu ikiwa karibu kuisha salio, akauliza:

"Hilo jiwe la baharini kwenu lipo?"

"Hakuna jiwe, Mama. Kuna mawimbi tu."

"Basi siku nyingine usisimame haraka. Lisikilize kwanza likikusukuma. Mjomba wako alikuwa anasema hivyo."

Nilimwambia hiyo ndiyo kauli ya mwalimu wangu pia. Akasema, "Sasa, je," na salio likaisha.